Mwenye Nyumba Aliyewashuku Watu Wema

Jioni ya kwanza niliyoketi kutazama tamthilia na mwenye nyumba wetu, alimtia hatiani mtu ambaye hakuwa amefanya lolote. Alikuwa daktari kijana, mpole wa sauti, aliyeingia kwenye hadithi dakika chache tu kabla. Alimpa mgonjwa maji na kumwuliza kama amekula. Mimi nilimpenda papo hapo. Mwenye nyumba akaweka kikombe chake chini, akanyoosha kidole kwenye tivii.

"Huyu ndiye," akasema.

Nikamwuliza ndiye nani. Akajibu kwamba ndiye atakayewaua, kisha akachukua kikombe chake akaendelea kunywa. Zilipita wiki nyingi, lakini daktari yule aliua kweli, tena alianza na yule yule aliyempa maji.

Nilikuwa mwalimu mgeni, nimeshuka kutoka Lushoto kufundisha shule ya msingi mjini Tanga, na nilikuwa nimepanga chumba kwake Ngamiani, kwenye moja ya zile nyumba ndefu zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Wapangaji tulikuwa watatu: mimi, kijana mmoja fundi pikipiki, na mama mmoja muuza vitumbua. Mbele yake tulimwita Mama. Akiwa hayupo tulimwita Mwenye Nyumba, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa. Jina lake ningelitaja, angetaka kujua ninalitaja kwa faida ya nani.

Tivii ilikuwa ukumbini, juu ya kabati la vyombo. Baada ya swala ya magharibi alitugongea milango mmoja mmoja. Hakupenda kutazama peke yake. Alisema tamthilia ya peke yako ni sawa na ndoto, kesho huna wa kumbishia. Sisi tulipewa viti. Yeye aliketi chini kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu kainyoosha, kanga kichwani, kwa sababu kiti, alidai, humfanya mtu asinzie na kupitwa na jambo. Zilikuwa zile tamthilia za nchi za mbali, zilizotiwa sauti za Kiswahili, zenye nyumba kubwa na ngazi za kuzunguka, na wanawake wanaolala na wanja machoni. Mambo hayo hayakumshughulisha. Alichotazama ni nani anafanya nini na kwa nini.

Wabaya hawakumsumbua kabisa. Mama mkwe mkali, tajiri anayefoka, binti mwenye kucha ndefu anayecheka peke yake mbele ya kioo, hao aliwaita watu wa wazi. "Huyu keshasema yeye nani," angesema, na kuendelea kuchambua mchele wake. Waliomtia wasiwasi ni watu wema. Rafiki anayekuja na chakula. Mfanyakazi wa ndani asiyelalamika. Shemeji anayejitolea kulea mtoto. Kila alipoingia mtu wa namna hiyo, mikono yake iliacha mchele, naye akasogea mbele kidogo.

Nilimwuliza siku moja kwa nini anawashuku wema kuliko wabaya. Akanitazama kama mtu anayetafuta namna rahisi ya kumweleza mtoto. Akasema hadithi ikikuhimiza umpende mtu, jiulize inakuficha nini. Nikamwambia, lakini Mama, duniani wapo watu wema tu, basi. "Wapo," akasema. "Ila hao hawaonyeshwi."

Wahusika waliomkasirisha zaidi walikuwa wale wanaokosa akili katikati ya mambo mazito. Wanaosikiliza mlangoni, wakasikia nusu, wakaondoka mbio wakilia. Alisema kama umeamua kuiba maneno, yaibe yote. Wanaogundua siri ya adui, kisha wakamfuata adui huyo huyo, usiku, peke yao, kumwambia kwamba kesho watamweleza kila mtu. Hapo aligeuka kwetu na kutuuliza kwa upole kabisa kwa nini iwe kesho. Fundi alicheka mpaka akashika tumbo, lakini yeye hakuwa anafanya mzaha. Stelingi akipigwa kofi na kusamehe, alikubali. Akidanganywa na kusamehe, alitaka kwanza aone kama ameuliza maswali yote.

Na kulikuwa na jambo moja lililobadilisha sauti yake. Mara nyingi katika tamthilia hizo kuna mtu anayejua jambo linalomhusu mwenzake aliye mbali, na hamwambii. Anazunguka chumbani, anatoa machozi, simu iko mkononi, anaitazama, anaiweka mezani. Sisi tuliona huruma. Yeye alisema, "Simu anayo." Kisha tena, taratibu zaidi: "Simu si anayo? Mwalimu, si unaiona?" Nikasema naiona. "Basi."

Tuliligeuza neno lile kuwa utani wa nyumba. Fundi akichelewa kurudi, muuza vitumbua alimwambia simu unayo. Mwenye nyumba hakucheka nasi, nasi hatukujiuliza kwa nini.

Umeme ulipokatika katikati ya hadithi, hakungoja. Aliendelea mwenyewe gizani, sauti yake ikitoka chini pale mkekani: sasa huyu atamwita wakili, yule atajifanya mgonjwa, na yule binti mdogo, mnamwona ametulia, ndiye aliyeficha ufunguo. Umeme uliporudi tulikuta mambo yako karibu na alivyosema. Hakujisifu hata mara moja. Kuwa sahihi hakukumpa furaha niliyotegemea kuiona. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeletewa habari aliyoitazamia.

Mchana hali ilikuwa ile ile. Muuza samaki aliyezoea kumpitia alimwongezea samaki mmoja siku moja, bure, mwenye nyumba akamrudishia na kumwuliza leo kuna nini. Jirani mpya aliyesalimia kwa kirefu, akauliza hali ya kila mtu hadi paka, alimpa jina la Msalimiaji na kwa miezi mizima hakumwambia jambo lolote zaidi ya hali ya hewa. Mwalimu mwenzangu mmoja alianza kuja kuniona, akiniletea machungwa ya kwao Muheza. Mwenye nyumba alimenya moja, akala kimya kimya, akasema ni matamu mno. Nilisubiri aendelee. Hakuwa na zaidi. Yule mwalimu ndiye mume wangu hadi leo, na machungwa bado matamu. Siku ya harusi yetu nilimkumbusha, nikidhani atakubali ameshindwa. Alinibusu mashavu yote mawili na kuninong'oneza kwamba tusiharakishe, hajamaliza sehemu zake zote.

Lakini mtu asidhani alikuwa na roho ya uchoyo. Mlango wa ua wake ulishinda wazi mchana kutwa. Funguo za vyumba vyetu zilitundikwa kwenye msumari ukumbini ambapo yeyote angezifikia. Kuna mtu alikuja mlangoni akasema ameibiwa begi stendi, hana nauli wala hajala tangu jana. Mwenye nyumba alimpa wali na mchuzi, akamwangalia akila, akampa na shati la marehemu mumewe. Alipoondoka, fundi akasema yule ni tapeli, amemwona akisimulia begi hilo hilo kwa watu wa sokoni.

"Najua ni mwongo," mwenye nyumba akasema. "Lakini njaa yake haikuwa ya uongo."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kushuku, kwake, hakukuwa njia ya kujikinga na watu. Alimpa tapeli shati huku akijua. Alichoogopa ni kutojua. Alikuwa na msemo wake, sijausikia kwa mwingine: baya nilijue, zuri litanikuta.

Kisha ikaja tamthilia ya madada wawili. Mkubwa alikuwa amesafiri mbali kikazi na kumwacha mchumba wake nyumbani. Aliporudi, mchumba hayupo. Mdogo akamwambia kwamba yule mwanamume alichoka kungoja, akaondoka bila kuaga. Mdogo huyo alikuwa na uso wa malaika. Alimpikia dada yake, alimchana nywele, alilia naye. Nyumba nzima tulikuwa upande wake. Muuza vitumbua, ambaye ana wadogo zake watano, alisema wazi kwamba akisikia neno baya juu ya binti yule atarudi chumbani.

Mwenye nyumba alisema toka siku ya kwanza kwamba mdogo anadanganya. Safari hii hakusema kwa utulivu wake wa kawaida. Alirudia. Alitafuta ushahidi. Mbona mdogo hakushangaa dada aliporudi? Mbona anamtazama sana akilala? Mbona hataki wapite mtaa wa mchumba? Tulimbishia kila jioni, naye alitubishia, na nikaona jambo geni: kila tulipotoa hoja nzuri ya kumtetea mdogo, aliipima, kama anayetamani imtoshe. Halafu akasema, "Hapana. Haitoshi."

Siku ukweli ulipotoka, tulikuwapo wote. Mchumba akarudi, akakutana na mkubwa barabarani, na ikajulikana. Alikuwa amekuja kumtafuta mara nyingi, na mdogo ndiye aliyemwambia kwamba dada yake ameshaolewa huko huko aliko. Mdogo akapiga magoti na kukiri yote. Muuza vitumbua akaziba mdomo. Fundi akapiga makofi, akamgeukia mwenye nyumba na kumwambia Mama wewe mwisho, hakuna kama wewe.

 Mwenye nyumba aliinuka mkekani kwa shida, akashika ukuta, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango. Kesho yake jioni hakutugongea. Tivii ilikuwa imefunikwa kitambaa.

Nilimkuta asubuhi ya siku iliyofuata uani, anachambua mchele. Ilikuwa Jumamosi, sina shule. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." Akaitika marahaba bila kuinua uso. Nikaketi kwenye kigoda cha pili, nikachukua fungu langu la mchele, tukachambua. Baada ya muda nikamwambia kwamba alikuwa amesema kweli kuhusu yule binti mdogo, sisi wote tulikosea.

"Nilikuwa naomba nikosee," akasema.

Ndipo akanisimulia. Alikuwa na mdogo wake mmoja, wa kike, anaishi Mwera, kule upande wa Pangani. Miaka iliyopita mwenye nyumba alikwenda Maskati kwa mwanawe wa pekee, mke wa mwanawe akiwa karibu kujifungua. Mume akabaki hapa Ngamiani, mzima kabisa. Huku nyuma akaugua. Yule mdogo akaja kutoka Mwera kumwuguza shemeji yake. Alimlisha, alimwogesha, alimkesha, na watu wa mtaani hadi leo wanamsifu. Ugonjwa ulichukua wiki kadhaa. Mwenye nyumba alipokuwa akipiga simu kutoka Maskati, aliambiwa na mdogo wake kwamba mzee hajambo, ana mafua kidogo, amelala. Simu ya kumwambia ukweli aliipata mumewe akiwa ameshafariki. Wakamzika siku ile ile, kama ilivyo desturi yetu. Yeye alifika akakuta watu wako matangani.

Alimwuliza mdogo wake swali moja tu, mbele ya kila mtu: mbona hakumwambia mapema. Mdogo akajibu kwamba shemeji alimkataza. Alisema asitiwe wasiwasi, mjukuu azaliwe kwanza. Mwenye nyumba akaingia eda katika nyumba ile, mdogo akarudi Mwera, na hawakusemezana tena. Mwanawe ndiye aliyemletea tivii, ili asikae na ukimya.

"Labda alimkataza kweli," nikasema.

Akasema labda. Akasema alikuwa ameligeuza jambo lile kwa kila upande. Labda mumewe alimkataza. Labda mdogo aliona raha kuwa yeye ndiye anayehitajika, na dada yuko mbali. Labda mzee alimwomba ampigie mkewe, na mdogo akasema kesho, kesho, mpaka kesho zikaisha. Labda kulikuwa na maneno ya mwisho na mdogo kayaweka kwake. Akaniambia kwamba anapotazama wale watu kwenye tivii hutafuta mmoja tu, mmoja, aliyeficha jambo kama lile na bado akawa hana nia mbaya. Amengoja miaka, hajaonyeshwa.

"Simu alikuwa nayo," akasema.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia, "Na wewe simu unayo, Mama."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Kisha akasema mchele huu una mawe mengi, akainuka kwenda kuusafisha bombani. Hatukulizungumza tena. Baada ya siku mbili tatu kitambaa kiliondolewa, akatugongea milango kama zamani. Ila kwa muda mrefu hakunyoosha kidole kwa mtu yeyote, na tamthilia bila hukumu zake zilikuwa ndefu kupita kiasi.

Nilipoolewa nikahamia Muheza. Tulipigiana simu sikukuu kwa sikukuu, halafu zikapungua, kama zinavyopungua. Mwaka jana nilikuwa na semina mjini, nikapita Ngamiani nikakuta nyumba ina wapangaji wapya wote. Wakanielekeza: mwanawe amerudi kutoka Maskati, amekodi nyumba Raskazone, amemchukua mama yake. Nikapanda bajaji.

Ilikuwa nyumba ya zamani yenye veranda pana na madirisha marefu. Mwenye nyumba alikuwa ameketi sebuleni, safari hii kwenye kochi, na nilipomwamkia aligeuza sikio badala ya uso. Kisukari kilikuwa kimemla macho. Alinishika mikono, akaipapasa mpaka kwenye viwiko, akasema mwalimu umenenepa, huyo wa machungwa anakulisha. Pembeni yake alikuwa mwanamke mwembamba kuliko yeye, mwenye pua ile ile. Alinisalimia kwa kicheko cha haya na kunivutia mto niegemee.

"Mdogo wangu," akasema mwenye nyumba.

Mdogo alipokwenda kutandika chumba cha nyuma, nikamwuliza ilikuwaje, kama hatimaye alipiga simu. Akasema hakupiga. Mdogo alisikia habari za macho yake huko Mwera, akaja mwenyewe na begi moja, akasimama mlangoni akasema shikamoo, dada. "Nikamwitikia," akasema. "Angekaa mlangoni mpaka lini?" Mpaka siku ile hawakuwa wameligusa jambo la zamani. Mdogo ndiye anayemchoma sindano zake, ndiye anayempikia, na jioni ndiye anayemtazamia tamthilia.

Niliiona kazi hiyo kwa macho yangu. Maneno ya tamthilia mwenye nyumba aliyasikia mwenyewe, kwani yalikuwa ya Kiswahili. Lakini wahusika wanaponyamaza, mdogo aliinama karibu na bega lake na kumweleza: sasa ameshuka garini, amevaa nguo nyekundu, amesimama dirishani. Alieleza vizuri, kwa sauti ndogo isiyokatiza wengine. Mwenye nyumba alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Mimi nilimtazama mdogo zaidi ya tivii. Nilitafuta kwenye uso ule mtu aliyekaa na mgonjwa wiki kadhaa na kusema hajambo, ana mafua kidogo. Alikuwa mkarimu mno. Mto alinirekebishia mara mbili.

Kisha ikaja sehemu ya kimya. Mwanamke mmoja mgonjwa amelala. Mke mwenzake akaingia chumbani kwa kunyata, akachukua chupa ya dawa kando ya kitanda, akaimwaga yote kwenye chungu cha maua, akaijaza maji, akairudisha pale pale.

"Ameingia mke mwenza," mdogo akamwambia dada yake. "Amekuja kumjulia hali. Kakaa kitandani, anamtazama tu."

Nikageuka kumwangalia. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, macho yamekaza kwenye tivii. Haikuwa kwamba hakuona. Nilijiona kama nimemfumania mtu kweli. Tangazo lilipoanza alisema anakwenda kutuletea kahawa, akaondoka. Nikasogea haraka kwenye sikio la mwenye nyumba. Kabla sijafungua mdomo akaweka mkono wake juu ya goti langu.

"Kamwaga dawa, au katia sumu?"

Nikamwambia kamwaga dawa. Nikamwuliza amejuaje.

"Ule muziki si wa kumjulia mtu hali," akasema. Akaniambia kwamba mdogo hufanya hivyo siku zote: kila baya hulipita, hata mtu akichinjwa atasema wamegombana. Mwanzoni alidhani macho ya mdogo nayo yameharibika. Baadaye akaelewa kwamba hawezi tu. Neno baya halimtoki mdomoni mbele ya anayempenda.

Nikataka kuuliza kuhusu zile wiki za mzee. Niliposema tu "Basi hata wakati ule," akatikisa kichwa.

"Wakati ule sijui, mwalimu. Huenda ndivyo. Huenda sivyo. Nimemchunguza kwa miaka yote hiyo, naye mwenyewe hakuwa mbele yangu."

Tukasikia vikombe vikigongana kwenye sinia, ukumbini. Mwenye nyumba akanibana goti na kuniambia nisimtazame mdogo wake kwa jicho lile. Yeye halioni, lakini mwenzake ataliona. Sijui alijuaje nina jicho gani. Nikageuza uso kwenye tivii. Mdogo akaingia, akatugawia kahawa, akaketi mahali pake, akamshikisha dada yake kikombe kwa mikono miwili. Hadithi ilikuwa imeshaanza tena. Yule mgonjwa alikuwa anakunywa maji yale kwenye kijiko, na mke mwenza amesimama nyuma ya pazia.

"Nimepitwa na nini?" mdogo akauliza.

"Hakuna," akasema mwenye nyumba. "Bado anamtazama tu."